Klani imebaki na watu 9: nifungue mlango kwa kila mtu, nikusanye machalii wa kitaa, au tuungane na klani nyingine?

chalii_sakina
Wakuu habari za jioni. Niko Chuga (Arusha), Sakina, naongoza klani ya Clash of Clans, ile gemu ya simu ya kujenga kijiji na kupigana vita, toka 2019, tulianza machalii wanne pale kwenye kibanda cha chipsi tukisubiri mayai yaive. Saa hizi ukihesabu majina tuko 31 ila wanaocheza kweli ni 9, wa kwanza mimi na wa pili ni akaunti yangu ya pili hahaha. Juzi nimeanzisha vita ya 15 kwa 15, watu 6 hawakugusa kabisa, na kila mtu ana ataki (mashambulizi) mbili, yaani ataki 12 zimeenda na maji, tumefungwa kwa nyota 4 tu. Nilikasirika mpaka maza akauliza nani kafariki.

Sasa naona nina njia tatu. Nifungue klani iwe wazi, anayebonyeza anaingia, maana nafasi ni 50 na zimekaa tu. Au niachane na watu wa mbali nipite vijiwe vya PS Ngarenaro na Mianzini nichukue machalii ninaowajua sura. Au nikubali ombi la klani moja ya Moshi, wako 17, lida (kiongozi) wao kanifuata anataka tuungane. Nyie mliowahi kuendesha klani mnaonaje, na mkishapata watu mnawashikaje wasipotee?

zigo_la_usariver
Fungua mlango chalii. Klani ni kama daladala ya Usa, unajaza kwanza ndio unaondoka. Sisi tulikuwa wazi wiki mbili wakaingia watu kama 40.

mangi_wa_rau
@zigo_la_usariver na mwisho wa mwezi walibaki wangapi mbe? Sema ukweli.

zigo_la_usariver
Saba 😂 ila wale saba ni vyuma.

mangi_wa_rau
Haya. Mimi niko Moshi, nimejaribu zote mbili, wazi na kitaa. Ukiacha wazi kazi inayokuchosha sio kutafuta watu, ni kufagia. Mtu anaingia saa 4 usiku anaomba jeshi, anapewa, anakula, saa 4 na robo katoka. Hajasema hata asante. Mwingine anaongea lugha ambayo hakuna anayeielewa, mnabaki kutumiana vikatuni. Wa kitaa anaona aibu, akikosa ataki yake kesho yake utakutana naye sokoni Mbuyuni anajificha nyuma ya mafungu ya ndizi, hiyo aibu ndio inashikilia klani. Ubaya wa kitaa ni mmoja, huwezi kumtoa. Nilimtoa binamu yangu kwenye klani Desemba, watu wote wako nyumbani kwa ajili ya sikukuu, jamani, ile kesi ilijadiliwa mpaka kwenye kikao cha ukoo mbele ya babu ambaye hajui simu inawashwaje.

chalii_sakina
Hahaha wachaga kwa vikao! Ila hapo kwenye kutoa ndugu umenigusa, kwenye wale 6 wawili ni wadogo zangu.

dada_valkiri
Habari zenu. Mimi dada, niko Moshi Soweto, kolida (naibu wa lida) wa klani ya watu 38 na mwaka juzi niliiendesha yote peke yangu lida alipojifungua, kwa hiyo nina la kusema.

Kaka Sakina wewe hujakosa watu, umekosa kuwajua watu wako wanaishije. Sikiliza. Vita ya kawaida ina masaa 23 ya maandalizi halafu masaa 24 ya kupigana. Wewe juzi ulianzisha lini? Nabashiri ulianzisha tu ulipojisikia. Mimi naanzisha Ijumaa saa 3 usiku. Hapo mapigano yanafunguka Jumamosi saa 2 usiku na kufungwa Jumapili saa 2 usiku, zidisha dakika chache za kutafutiwa mpinzani. Mwenye duka kashafunga. Nina Wasabato wanne, jua la Jumamosi limeshazama wako huru. Wa kanisani Jumapili wakitoka ibada wana mchana mzima. Kabla ya hapo nilikuwa naanzisha Alhamisi na nikawa nawaona wale wanne ni wavivu, nikataka hadi kuwatoa, kumbe siku yangu ya mapigano ilikuwa inaangukia kwenye Sabato yao! Niliona aibu.

Pili ile ngao, kijani niko vitani, nyekundu sipo. Kwetu ngao nyekundu haina lawama, hata ukae nayo miezi miwili hakuna wa kukuuliza. Lakini ukiweka kijani na hujashambulia bila kusema, unakaa nje vita mbili. Ukirudia unatolewa, uwe shemeji uwe nani. Watu hawagombani na sheria wanayoijua toka siku ya kwanza, wanagombana na sheria inayoota siku wamekosea.

Na usilazimishe 15. Vita ndogo zinaenda kwa tano tano, una watu 9 wa uhakika mwongeze mmoja upige 10 kwa 10. Ukijaza waliolala kwa majina yao makubwa unapangiwa mpinzani mzito halafu wazito wako wamelala, unapigana na simba kwa fimbo ya mwiko.

chalii_sakina
Dada shikamoo kabisa. Kweli nilianzisha Jumanne asubuhi nikiwa kwenye foleni ya benki.

fundi_kijenge
Mimi nina duka la kutengeneza simu Kijenge na klani yangu nusu ni wateja hahaha. Mtu analeta skrini imepasuka namuuliza unacheza nini, akisema Clash nampunguzia buku namwambia jina la klani hili hapa. Nimepata watu 14 hivyo, na wanakaa, kwa sababu simu ikiharibika wanarudi palepale.

Kwenye kuwasimamia, mimi natumia kaunta buku. Sicheki, kaunta buku lenyewe la kurasa 200 liko kwenye droo na bisibisi. Kila vita napiga mstari naandika majina, ataki ya kwanza, ataki ya pili, nyota ngapi, aliyekosa peni nyekundu. Kwa nini wakati gemu yenyewe inaonyesha? Kwa sababu ya ligi. Ligi ya klani ni siku saba, ataki moja kwa siku, na ikiisha lida ndiye anagawa zile medali za nyongeza, hapo ndio urafiki unapokufia. Mwezi wa kwanza niligawa kwa macho, wawili wakahama usiku uleule. Siku hizi mtu akilalamika namwambia njoo dukani, namfungulia ukurasa, anajiona ana nyekundu tatu, anaomba maji ya kunywa anaondoka.

zigo_la_usariver
Kaunta buku 2 Discord 0 😂😂

mwana_tengeru
Tukizungumzia Discord, ile app ya kuchati kwa magrupu, mbona hamuiongelei? Ina vyumba tofauti, vita kivyake, stori kivyake, unaweka boti (programu) inahesabu ataki yenyewe. WhatsApp mtu anauliza "nishambulie namba ngapi" katikati ya picha za harusi na tangazo la kiwanja.

dada_valkiri
Nimeijaribu mwaka mzima mwana_tengeru. Ni nzuri kuliko WhatsApp, sibishi. Ila kati ya watu 38 walioingia walikuwa 11 na walioifungua kila siku wanne. Wengine wananunua bando dogo, wengine simu imejaa, wengine wanaona ni kitu cha kujifunza upya. Nikarudi WhatsApp nikafanya magrupu mawili, moja la vita tu, humo ukituma "habari za asubuhi" unatolewa nusu saa. Lingine fanyeni vurugu zenu. Kama watu wako ni wanafunzi wa chuo wenye laptopu labda Discord itakaa.

namba7_machame
Naomba niseme na mimi, huwa nasoma tu. Mimi ni mpagazi, nakaa Pasua. Kuanzia Juni mpaka Oktoba napanda Kilimanjaro mara mbili hata tatu kwa mwezi, njia ya Machame ni siku 6 au 7, Lemosho 7 au 8. Klani yangu ya kwanza ilikuwa hizo za wazi, lida simjui wala yeye hanijui. Niliweka kijani nikasahau kubadilisha, nikapata safari ya ghafla ya mtu aliyeumwa. Tumeshuka geti la Mweka, nawasha simu najua nitakuta pongezi, nimekuta nimetolewa na ujumbe umeandikwa mvivu. Mvivu! Juzi yake usiku nilikuwa kambi ya Barafu napikia watu 12.

mwana_tengeru
Pole kaka. Lakini si waliweka intaneti mlimani?

namba7_machame
Ile ya 2022 walianzia Horombo, mita 3,720, njia ya Marangu. Mimi njia zangu ni hizo nyingine. Na hata ingekuwepo kila kambi, umebeba kilo 20, ukifika unasimamisha hema, unachota maji, ukikaa chini vidole havina kazi na baridi imeshakula betri. Asilimia iliyobaki unaitunza umpigie mama watoto ukishuka.

chalii_sakina
Dah. Kaka kati ya wale 6 wangu kuna wawili ni madereva wa safari na mmoja anapanda. Na ilikuwa Agosti. Sikuwahi kufikiria.

dada_valkiri
Ndio nilichokuwa nasema. Huku kwetu nusu ya vijana mkate wao unatoka mlimani au porini. Kwa ligi nafanya hivi, nasajili watu wengi kuliko 15 kwa sababu unaruhusiwa mpaka 50, halafu kila siku kwenye maandalizi nambadilisha aliyesafiri namwingiza aliyepo. Wa mlimani ananitumia neno moja kwenye grupu, "napanda", na tarehe ya kushuka. Basi.

mangi_wa_rau
Na ile michezo ya klani (Clan Games, kazi za kukusanya pointi) ya tarehe 22 mpaka 28 nayo usiwabane watu wote. Mtu mmoja kawaida mwisho pointi 4,000, zawadi ya juu inafika kwa 50,000. Watu 13 wakimaliza imetosha, wengine walale. Kuna lida nilimwona anawatukana watu 40 asubuhi ya tarehe 27 wakati zawadi imeshajaa, hajui kuhesabu.

jirani_bomangombe
Kuhusu kuungana, kaa mbali. Gemu haina kitufe cha kuunganisha klani mbili, lazima mmoja aache nyumba yake ahamie kwa mwenzake, na lida ni mmoja tu. Sisi tulihamia klani ya wenzetu tukiwa 20, tukakubaliana lida wetu awe kolida. Wiki ya tatu wamegombana kuhusu nani aingie ligi, na kolida ana uwezo wa kutoa wanachama na maelda (cheo cha chini yake). Nilikuwa nakula kiti moto, simu ikawa inalia ti ti ti ti, nikadhani bonasi. Katoa watu 23 kwa dakika chache halafu akatoka mwenyewe. Wa kwao, wa kwetu, hajachagua. Klani yetu ya zamani nayo tuliiacha na akaunti moja ya mtoto wa mtu, nywila haikumbukwi.

fundi_kijenge
Ndio maana kolida kwangu ni wawili tu na wote najua kwao wanapokaa.

mangi_wa_rau
@jirani_bomangombe hapo kosa sio kuungana, kosa ni kumpa mtu rungu ili asinune. @chalii_sakina kama wale 17 wa Moshi ni wazuri wabaki kwao, pigeni vita za kirafiki wikiendi mbili tatu, uwaone wanavyoongea wakifungwa. Anayetukana wenzake akifungwa utamjua mapema.

zigo_la_usariver
Kwa hiyo hakuna anayeniunga mkono kwenye kufungua mlango? Wale saba wangu mmoja yuko Ufilipino, akiamka sisi ndio tunalala, ataki za dakika za mwisho za alfajiri ni zake. Kitaa chenu chote kimelala saa hiyo.

dada_valkiri
Hilo nakupa zigo. Wawili watatu wa mbali ni dawa. Ila waingie kwa kuomba, usiache wazi, uwaulize hata swali moja. Mimi nauliza "ukikosa vita utaniambiaje?" Anayejibu chochote namchukua, asiyejibu hakuja kukaa.

chalii_sakina
Wakuu nimerudi, siku nne zimepita. Nimefunga mlango, kuingia ni kwa kuomba. Nimewapigia simu wale 6, simu ya kawaida sio meseji. Madereva wawili walikuwa Serengeti kweli, yule anayepanda mlima kauza simu, wadogo zangu walikuwa wanaangalia mpira, wa mwisho hapokei nimemtoa. Ijumaa saa 3 usiku nimeanzisha 10 kwa 10 kama dada alivyosema. Jumapili saa 12 jioni umeme ukakatika mtaa mzima, nina ataki moja na simu ina asilimia 6, nimekimbia hadi kwa bodaboda wa pale kona ana pawabenki, nimeshambulia nimekaa kwenye pikipiki yake, mteja wake amesimama ananisubiri kanuna. Nyota mbili. Ataki 20 zote zimepigwa, tumeshinda kwa nyota moja.

Wa Moshi nimewaambia tuanze na za kirafiki kwanza, lida wao kakubali. Na @namba7_machame kama huna klani saa hizi njoo kwetu.

namba7_machame
Nimeomba kuingia sasa hivi, TH13 (ngazi ya kijiji changu). Ila napanda kesho, nashuka Mweka wiki ijayo.

chalii_sakina
Nimekukubali. Weka ngao nyekundu kabla hujalala.