Mchanga wa kuzuia maji yasipande kwenye tuta la barabara: unene gani unatosha?

Mpimatuta: Wakuu, tuta linakaa juu ya mfinyanzi. Msimu wa mvua maji ya ardhini hufika sentimita 60 chini ya kifusi. Mchoro unataka mchanga sentimita 15 kati ya mfinyanzi na kifusi. Uliopo ni laini, D10 yake (ukubwa ambao asilimia 10 ya mchanga kwa uzito ina punje ndogo kuliko huo) milimita 0.08. Utakata maji, au tuongeze unene? Na jiotekstaili (kitambaa cha ujenzi kinachopitisha maji na kuzuia udongo) ni lazima?

Chekeche: Hautakata. Maji hupanda kwa kushikwa na vinafasi vyembamba kati ya punje. Punje zikiwa ndogo, hupanda zaidi. Kadiria hivi: zidisha uwiano wa nafasi tupu (ujazo wa nafasi hizo ukigawanywa kwa ujazo wa punje) kwa D10, kisha gawanya C kwa jibu hilo. C ni 10 hadi 50, kutegemea umbo na usafi wa punje, na vipimo ni milimita. Kwa uwiano 0.6 na C 30, mchanga wako hupandisha maji milimita 625. Ukiweka 150, maji yatapita na kulowesha kifusi kana kwamba hakuna kitu. Mchanga wa D10 0.2 hupandisha 250 tu. Kwa C 50 ni kama 420. Kwa hiyo badilisha mchanga kwanza, unene baadaye.

Vumbi linalopita chekeche la milimita 0.075 lisizidi asilimia 5. Osha sampuli kabla ya kuchekecha! Ukichekecha kavu, vumbi hubaki limeganda kwenye punje na mchanga mchafu unaonekana safi.

Mtaro wazi: Naongezea: kitako cha mchanga kiwe juu ya kimo cha juu kabisa cha maji. Ukizama, unene unaofanya kazi ni ule tu uliobaki juu ya maji.

Pia mchanga uwe na pa kutolea maji. Upe mteremko wa asilimia 3 hadi 4, utokeze ubavuni mwa tuta, na sakafu ya mtaro iwe chini yake. Kosa ninaloliona sana ni kupaka udongo wa kuoteshea nyasi juu ya midomo hiyo ya mchanga ubavuni. Mvua inayopenya kwenye mabega inakosa njia, mchanga unageuka bwawa chini ya lami.

Jiotekstaili: kama D15 ya mchanga haizidi mara 5 ya D85 ya udongo unaougusa (husomwa kama D10, ila kwa asilimia 15 na 85), mchanga wenyewe unachuja. Lakini mfinyanzi ukiwa laini, tandika kitambaa kisichofumwa, kipishane angalau sentimita 30, zaidi palipo na tope. Malori yasikikanyage, mwaga mchanga mwanzoni, buldoza lisukume mbele.

Kushindilia: mchanga wenye unyevu kidogo huvimba na kukataa kukaa. Umwagie maji mengi, kisha rola ya mtetemo.

Mpimatuta: Mchanga wa punje kubwa tulio nao unatosha kutandaza unene wa sentimita 20 tu. Tutandike nailoni chini yake?

Chekeche: Nailoni huzuia maji ya chini, lakini hushika ya juu yasishuke. Afadhali kokoto safi za milimita 5 hadi 20, unene sentimita 15, kitambaa chini na juu. Ndani yake maji hayapandi hata sentimita chache. Na pima chumvi ya maji hayo: yakiwa na chumvi, hupanda nayo, ikaganda chini ya lami nyembamba na kuifanya ifure malengelenge. Hapo usipunguze unene hata sentimita moja.