Ndago zimeteka bustani yangu Mtwara, naombeni ushauri

Wa_Shangani: Wakuu salaam. Niko Mtwara mjini, Shangani. Mbele ya nyumba nimepanda nyasi za Pemba, pembeni nikamwaga mbegu za maua mchanganyiko, kosmos na zinia. Tangu mvua zishike, ndago zimefumuka kote. Kijana wa bustani anazilima kwa jembe, wiki haiishi zimerudi, tena nyingi zaidi. Shemeji anasema nipige dawa ya magugu kwa bomba lake la mikorosho. Nifanyeje bila kuua nyasi na maua?

Mkulima wa Lindi: Glaifosati mkuu, habari imekwisha.

Mama Bustani: Na nyasi zake je? Glaifosati haichagui, inafyeka vyote. Wa_Shangani, kwanza hakikisha ni ndago kweli. Papasa shina kwa vidole: la ndago lina pembe tatu. Kisha fukua taratibu, utakuta viazi vidogo vyeusi vimefuatana kama shanga kwenye uzi. Jembe linakata huo uzi, na viazi vilivyokuwa vimelala vinaamka kila kimoja na chipukizi lake. Ndiyo maana kijana wako anaziongeza.

Fundi Nyasi: Mama kamaliza. Kwenye nyasi tafuta dawa yenye halosulfuroni, inashika jamii ya ndago na kuacha nyasi nyingi salama. Jaribu kona moja kwanza. Piga zikiwa changa, kabla hazijatoa maua, siku ambayo mvua haielekei kunyesha. Utarudia, maana viazi vingine bado vimelala. Isifike kwenye kosmos na zinia, itaziunguza. Dukani soma kiambato na namba ya usajili wa TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, usipokee maneno ya muuzaji. Wengine watakupa tu-fo-di (kwenye chupa huandikwa 2,4-D). Hiyo ni ya majani mapana, itamaliza maua na ndago zibaki zinakucheka.

Na bomba la shemeji usiliguse! Masalia ya dawa ya magugu yakibaki humo, akaja kupulizia mikorosho yenye maua, hamtasalimiana msimu mzima.

Binti Mikindani: Kwenye maua si atandike tu nailoni nyeusi?

Mama Bustani: Mwanangu, ndago hutoboa nailoni nyepesi, ncha yake ni kali. Huko ni mkono tu. Subiri udongo ulowe, ingiza uma wa bustani chini kabisa, nyanyua viazi na mizizi yake, na usivitupe kwenye mboji. Zikichomoza tena ng'oa mapema, kabla majani hayajarudishia viazi chakula. Maua uyapande yabanane, ndago haipendi kivuli.

Wa_Shangani: Asanteni sana. Shemeji nimemwambia habari ya bomba, kanuna. Swali la mwisho: udongo nililetewa na fuso kutoka bondeni. Inawezekana zilikuja nao?

Fundi Nyasi: Inawezekana sana. Safari nyingine chukua ndoo moja ya udongo huo, umwagilie wiki mbili tatu pembeni, uone kinachoota kabla hujaruhusu fuso limwage.