Naomba ushauri: mwezi mpevu umetugawa kwenye kikoba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za saa hizi.

Nipo Kigoma, nauza dagaa pale Kibirizi. Mbalamwezi ikikolea taa hazivuti dagaa, mitumbwi inapumzika, kwa hiyo kikoba chetu hukutana siku hizo. Sasa mwenzetu aliyerudi kutoka Ulaya anataka mwezi mpevu wa Aprili tuufanyie ibada ya machipuko: kila mtu aandike kwenye karatasi jambo linalomwelemea, aichome, halafu ndoo ya maji ilale nje ipigwe na mwezi, asubuhi tuyanawie uso. Anasema ndio mwezi wa kuanza upya, na hata Pasaka huwa Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Hilo la Pasaka ni kweli. Ila machipuko ya Aprili ni ya huko kaskazini. Kwetu ni masika, wingu zito, mwezi wenyewe kuuona ni bahati!

Wenzetu Waislamu wa Ujiji wanasema ile ndoo ni shirki. Wao mwezi ukijaa hufunga sunna tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wa Kiislamu, basi. Nilipendekeza kila mmoja aombe kwa imani yake, mwenye wazo akanuna. Mwenyekiti ni mimi.

Naombeni mnisaidie: kuchoma karatasi bila ndoo kuna ubaya kidini? Na sisi wa kusini mwa ikweta, ambako machipuko huhesabiwa Septemba hadi Novemba, tufuate mwezi upi?