Familia ya Tandika

[19:42] Da Mkubwa: Shikamooni wakubwa. Wadogo, habari zenu. Ule mgahawa wa Buguruni, mwenye fremu anataka jibu Ijumaa. Kodi laki nne kwa mwezi, na anataka ya mwaka mzima, 4,800,000. Tuko 12 humu, kila mmoja 400,000 tu. Nasubiri.

[20:31] Da Mkubwa: Tiki za buluu naziona. Semeni jamani.

[20:33] Kaka Tabata: Da, hiyo ni pango tu. Majiko, friji, meza? Leseni ya halmashauri, TRA, wapishi kupimwa afya? Na ile kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango unayotakiwa kumkata mwenye fremu upeleke TRA, wenye fremu hawataki kuisikia. Utaibeba wewe.

[20:35] Binamu Mwanza: Mie nachangia ulimi wa kuonja 😂 sato nitaleta mwenyewe

[20:35] Shangazi Ilala: 😂😂 Huyu! Kwenye arobaini sinia zima lake

[20:36] Binamu Mwanza: Pilau ulipika wewe Shangazi, ningefanyaje

[20:39] Kaka Tabata: Jamani. Da, piga hesabu na mimi. Wali maharage unauza 2,500. Mchele, mafuta, gesi vinakula 1,500. Inabaki 1,000. Pango 400,000, wapishi wawili 400,000, umeme na maji 100,000. Sahani 900 kwa mwezi, na wewe hujapata hata mia. Siku 26 za kazi, ni sahani 35 kila siku, mvua inyeshe isinyeshe.

[20:40] Da Mkubwa: 35 ni chache! Pale kuna mafundi, kuna bodaboda

[20:41] Kaka Tabata: Wanakula kwa daftari.

[20:47] Mama Mdogo Tanga: Hilo la daftari niachieni mimi. Nilikuwa nauza, saa nane chakula kimekwisha, watu wananisifia. Jioni hela ya mchele wa kesho sina, nakopa kilo tano dukani. Umeme ukakatika siku mbili, samaki wote wa friji nikamwaga. Nilifunga na madeni ya watu kurasa 30. Mpaka leo wananisalimia njiani kama hawanijui.

[20:49] Da Mkubwa: Pole mama yangu. Ndiyo maana nataka tuwe wengi.

[20:52] Shangazi Ilala: Wengi tulikuwa hata kwenye mchango wa bajaji. Laki tatu yangu iko wapi?

[20:53] Da Mkubwa: Bajaji ilikuwa ya marehemu, Shangazi

[20:53] Shangazi Ilala: Aliyekusanya nani?

[20:54] Binamu Mwanza: 🙈

[20:58] Da Mkubwa: Basi tukope benki. Tuweke hati ya nyumba, marejesho yatoke kwenye mauzo.

[21:26] Simu ya Bibi: Ni mimi mjukuu. Bibi nimemsomea yote. Anasema niandike hivi: "Nyumba hii babu yenu aliijenga kwa tofali kumi kumi, kila akipokea mshahara wa bandarini. Hati iko kwenye sanduku langu na haitoki nikiwa hai. Anayetaka kupika aanze na sufuria moja hapa barazani. Mimi nitakula na nitalipa."

[21:27] Mjomba Temeke: Bibi kasema.

[21:28] Kaka Tabata: Shikamoo Bibi.

[21:43] Da Mkubwa: Shikamoo Bibi, nimesikia. Hati tuiache. Lakini mafundi wa Buguruni hawaji kula barazani Tandika. Nikimwomba apokee miezi mitatu? 1,200,000, kila mmoja 100,000.

[21:45] Kaka Tabata: Sawa, ila pembeni iwepo miezi mitatu mingine ya pango na mishahara, isiguswe. Nikiiona, natoa.

[21:50] Mjomba Temeke: Mie mwisho wa mwezi.

[21:51] Shangazi Ilala: Mie mkinihesabia ile laki tatu.

[21:52] Da Mkubwa: Nani ananisindikiza kesho saa tatu asubuhi?

[23:58] Dogo Arusha: Shikamooni, nimetoka zamu sasa hivi. Da, nimetuma 100,000. Mama Mdogo naye aje atufundishe kununua

[05:50] Da Mkubwa: Imefika mdogo wangu. Ya kwanza. Wa saa tatu bado simwoni.