Mjadala: Kitimoto kwenye Don Quijote, Cervantes alikuwa anamcheka nani?

Wakuu, jamaa yangu kashikilia kwamba misosi kwenye Don Quijote, ile riwaya ya Mhispania Cervantes, ni mapambo tu, mi nakataa kabisa. Ukurasa wa kwanza wa kitabu, 1605 hiyo, hata jina la shujaa mwenyewe hatujalijua vizuri tushaambiwa anakula nini: nyama ya kuchemsha, ng'ombe mwingi kuliko kondoo (kondoo ndo ilikuwa ghali), Ijumaa dengu, Jumamosi kitu kinaitwa "duelos y quebrantos", na chakula hicho tu kinamaliza robo tatu ya kipato. Hicho cha Jumamosi wengi wanasema ni mayai na mafuta ya nguruwe. Sasa Jumamosi ni sabato ya Wayahudi, ambao 1492 waliambiwa wabatizwe au waondoke, na ukishabatizwa ukikwepa nguruwe unashtakiwa Inkwizisheni (mahakama ya kusaka Wakristo wa uongo). Kejeli hiyo hamuioni?

— Mkuu unavuta mno. Kule Castilla, Hispania, Jumamosi ilikuwa kama nusu mfungo, watu waliruhusiwa utumbo, kichwa na miguu, ndo maana wengine wanasema sahani hiyo ni mayai na ubongo. Kalenda ya kanisa tu hiyo.

— Haya, ya Jumamosi nakuachia. Na Dulcinea, mpenzi wa Don Quijote, je? Sura ya 9 kuna Morisko (hao ni Waislamu waliobatizwa na vizazi vyao) anasoma makaratasi ya Kiarabu akaangua kicheko, kisa pembeni imeandikwa Dulcinea ndo fundi wa kutia nguruwe chumvi kuliko wanawake wote wa La Mancha, mkoa wao 😂 malkia wa moyo wa shujaa huyo!

— Mmemsahau Ricote, sehemu ya pili, 1615. Jirani yake Sancho (mtumishi wa Don Quijote), Morisko, kafukuzwa na mfalme karudi kwa siri kajifanya hujaji wa Kikristo, wanakaa kwenye nyasi, mvinyo upo na mifupa ya paja la nguruwe ambayo haitafuniki ila inanyonyeka. Mtu ananyonya mfupa na bado nchini hatakiwi.

— Ila sura hiyohiyo Ricote mwenyewe anasema mfalme alifanya haki kuwafukuza. Hapo unasemaje mleta mada?

— Nasema kitabu kilikuwa hakichapwi bila kibali cha mfalme. We ungekuwa Cervantes ungemwandikia Ricote aseme nini?