Laptop ina HDMI, monita haina HDMI, ninunue waya gani?

Mama_Kadi:
Wakuu habari za jioni. Nipo Mbeya, nina stationari ndogo natengeneza kadi za harusi na sendofu. Kazi zote nafanyia kwenye Lenovo IdeaPad ya inchi 14 na macho yameanza kuniuma, ukikuza jina la bwana harusi uone kama limekaa sawa kadi yote iliyobaki inatoka nje ya skrini, unapunguza, unakuza tena, kutwa nzima ndo hivyo. Wiki iliyopita nikaagiza monita ya mtumba Kariakoo, Dell U2412M inchi 24, ikaja na basi, imefika salama haina hata mkwaruzo. Shida ni kwamba laptop ina tundu la HDMI tu, na monita nyuma ina VGA, DVI na DisplayPort, HDMI haina. Nikaenda dukani nikaonyesha picha za matundu yote mawili, kijana akanipa waya upande mmoja DisplayPort upande mwingine HDMI, 25,000, vichwa vinaingia vizuri kabisa. Nachomeka, monita inasema haipati signali halafu inalala. Laptop nayo haioni kitu, nimebonyeza Windows na P, vile vitufe vya kupeleka picha kwenye skrini ya pili, mpaka nimechoka. Muuzaji wa monita anasema niirudishe aiangalie ila gharama ya mzigo kwenda na kurudi juu yangu. Na nina kadi za watu za Jumamosi. Nirudishe au shida ni waya?

mtu_wa_Tunduma:
Pole dada. Rudisha mapema, mtumba ukikaa nao wiki mbili muuzaji anakuruka. Hapo tundu la DisplayPort limekufa.

FundiSaketi:
Dada usirudishe kwanza, na mkuu hapo juu tusimtie mwenzetu hasara kabla hatujapima. Fanya hivi, chomoa waya wote wa picha nyuma ya monita, acha wa umeme peke yake, kisha washa. Hizo Dell zinajipima zenyewe, ukiona kiboksi kinaelea kwenye skrini na rangi nyekundu, kijani na bluu basi kioo kizima. Halafu niangalizie kwenye pakiti ya waya, wameanza kuandika DP, yaani DisplayPort, au HDMI?

Mama_Kadi:
Nimefanya sasa hivi. Kiboksi kipo kinatembea na rangi zote tatu. Pakiti imeandikwa DP to HDMI. Sasa si ndo huo huo? Upande mmoja DP upande mwingine HDMI, nikiugeuza si sawa?

FundiSaketi:
Hapo ndipo watu wengi wanapoliwa hela dada yangu, na dukani kijana anaangalia vichwa tu, haangalii picha inatoka wapi inaenda wapi. Waya huo una njia moja. Unafanya kazi pale kompyuta inapokuwa na DisplayPort na skrini ikawa na HDMI. Sababu ni kwamba matundu mengi ya DisplayPort kwenye kompyuta yanaweza kuongea lugha mbili, utakuta pembeni pana alama ya DP na vijumlisha viwili, ukichomeka waya kama wako kompyuta inautambua na yenyewe inaanza kutoa signali ya HDMI. Waya haubadilishi lugha, kazi hiyo inafanywa na kompyuta. Sasa wewe umeanzia upande wa pili. Laptop yako inaongea HDMI basi, na tundu la DisplayPort kwenye monita linasubiri DisplayPort basi, hapo katikati hakuna wa kutafsiri. Hata ubadilishe waya kumi wa aina hiyo matokeo ni hayo hayo.

Dawa unayo hapo hapo nyuma ya monita, ni ile DVI. Nunua waya wa HDMI kwenda DVI. Hizi mbili picha zake ni signali ile ile, tofauti ni umbo la kichwa, kwa hiyo waya wake hauna saketi ndani, bei yake ndogo, na hauna cha kuchagua upande. Monita yako ni nukta 1920 kwa 1200, DVI inaifikisha yote kwa 60Hz, yaani picha mara 60 kwa sekunde, picha safi sawa na ya HDMI. Sauti usiitegemee kwenye DVI, ila hiyo monita haina spika hata hivyo, utaendelea kusikia kwenye laptop.

Kitu kimoja uangalie kabla hujalipa. Kichwa cha DVI kina pini 24 zimejipanga mistari mitatu na pembeni kuna pini moja bapa kama ulimi. Kama ulimi huo umezungukwa na vipini vinne vidogo, usichukue. Hicho ni cha 24+5, na tundu la monita yako halina vitobo hivyo vinne, hakitaingia, na ukilazimisha unapinda pini.

juma_desktop:
Au anunue adapta ya HDMI kwenda VGA, zimejaa mtaani, elfu kumi haifiki.

FundiSaketi:
Itawaka ndio ila mimi simshauri. VGA ni analogi, picha inageuzwa kutoka dijitali halafu monita inaigeuza tena, herufi nyembamba zinakuwa na ukungu. Mtu anayekagua maandishi ya kadi siku nzima na macho tayari yanamuuma, hapana.

Na kama kuna mtu monita yake ina DisplayPort peke yake hana DVI, huyo ndo anahitaji kile kibadilishi cha kweli cha HDMI kwenda DP, kina saketi ndani na kawaida kina mkia wa USB wa kula umeme. Ukiambiwa dukani kinabadilisha na huoni pa kupata umeme, uliza mara mbili.

nasra_dom:
Samahani kwa kuingilia uzi, mimi nina MacBook Air ya M1, monita ina HDMI na DisplayPort, nimechomeka waya wa chaji wa USB-C na kiadapta, haionyeshi. Tundu bovu?

FundiSaketi:
Si bovu. USB-C ni umbo la tundu, kinachopita ndani kinategemea waya, na huo waliokupa kwa ajili ya kuchaji haupitishi picha. Nunua waya wa USB-C kwenda DisplayPort moja kwa moja, achana na kuunganisha vipande. Wenye laptop za Windows muangalie kwanza pembeni ya tundu kama kuna alama ya DP au ya radi, kuna USB-C nyingi ambazo hazitoi picha hata ufanyeje.

Mama_Kadi:
Nimerudi wakuu. Leo nimezunguka Mwanjelwa, duka la kwanza wakanipa HDMI-DVI, nikakiangalia kichwa, ulimi una vipini vinne pembeni, nikamwambia hapana kaka, natafuta usio na hivi vinne, akashangaa nimejuaje. Duka la tatu nikaupata, 12,000. Nimechomeka nikakaza zile skrubu mbili, mwanzoni giza, nikaingia kwenye menyu ya monita nikachagua DVI, ikawaka palepale! 1920 kwa 1200 imejiweka yenyewe. Nimefungua kadi ya Jumamosi naiona yote na jina la bibi harusi nalisoma bila kukuza, na nimeona herufi moja imerukwa kwenye jina la ukoo, kadi 150 zingetoka hivyo. Mungu akubariki sana fundi. Ule waya wa 25,000 duka limekataa kuupokea kwa sababu nilichana pakiti.

FundiSaketi:
Afadhali dada, hilo la jina limenifurahisha kuliko waya. Hapo stationari hauna desktop?

Mama_Kadi:
Ipo, OptiPlex ya kuchapia barua, ipo kwenye kimonita cha VGA.

FundiSaketi:
Angalia nyuma yake kama kuna DisplayPort yenye alama niliyokwambia. Ikiwepo, waya wako unatoka hapo unaenda HDMI ya TV yoyote, wateja wakawa wanaona kadi zao ukutani. Siku ya kuuchomoa ubonyeze kile kitufe juu ya kichwa cha DP kwanza, kina vijino vinavyoshika, ukivuta kwa nguvu utang'oa tundu.

Mama_Kadi:
Ipo! Ina vijumlisha viwili. Kesho naleta TV ya nyumbani.