Naomba ushauri: nitajuaje kama watoa huduma shufaa hawa ni wazuri kabla sijamkabidhi mama?

Mtoto wa Korogwe (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie, hasa mliowahi kuuguza.

Mama yangu ana miaka 67 na ana saratani ya mlango wa kizazi. Iligundulika ikiwa imeshasambaa. Alipigwa mionzi Ocean Road, damu ikakata, akapata miezi kadhaa ya kwenda mwenyewe mpaka sokoni. Tangu mwezi uliopita maumivu ya kiuno yamerudi, na mguu wa kushoto anasema unawaka moto kuanzia nyonga mpaka unyayoni. Daktari alituita mimi na dada, akatuambia kwa upole kwamba tiba ya kuondoa ugonjwa imefika mwisho, kinachofuata ni huduma shufaa, yaani kumtuliza maumivu na kumtunza badala ya kuuondoa ugonjwa. Mama mwenyewe anataka kurudi nyumbani. Anasema anataka kuamka asikie kuku wake.

Tumepata sehemu mbili. Ya kwanza ni kampuni ya Dar inayoleta wauguzi mpaka nyumbani. Walikuja wawili, sare safi, makabrasha mazuri, wanataka malipo ya mwezi mzima mbele. Ya pili ni timu ya hospitali moja ya misheni huku kwetu, wanapita mara moja kwa wiki na gari lao la zamani, gharama ni ndogo sana. Kaka yuko Muscat na ndiye anayetuma hela, anataka kampuni. Dada anataka misheni. Anayelala chumba kimoja na mama ni mimi.

Kinachonitisha ni hiki. Baba mdogo aliuguzwa na watu wa kulipwa kama hawa, sitawataja. Kila siku walikuwa wanatundika dripu. Usiku wake wa mwisho alilia kwa maumivu kuanzia saa nane mpaka alfajiri, na mimi nimeshika simu inaita tu. Sitaki mama apite huko.

Niwaulize nini? Niangalie nini?

Chapakazi

Pole sana ndugu yangu, Mungu awape nguvu. Anza na leseni. Kila muguzi awe na leseni hai ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, na uambiwe jina la daktari anayewasimamia, daktari anayepatikana kweli. Wakisita, achana nao hapohapo.

Sista Mstaafu

Mwanangu, pole. Nimefanya huduma shufaa Arusha miaka kumi na moja, nyingi nikiwa naenda majumbani. Leseni ni muhimu, lakini leseni haipokei simu usiku. Nikuandikie kama vile nakuandikia mtoto wangu.

Swali la kwanza, na ukipata jibu baya usiendelee na mengine: mama akishikwa na maumivu saa nane usiku, nani anapokea simu, na dawa iko wapi? Jibu zuri ni kwamba dawa iko ndani ya nyumba yako, wewe umeshafundishwa kumpa, na simu ni ya kukuelekeza tu. Anayekuambia "tutakuja asubuhi" amekujibu. Baba yako mdogo aliteseka kwa sababu dawa haikuwa ndani, au haikuwepo kabisa.

La pili ni morfini yenyewe, ile dawa kali ya maumivu. Ya maji, ya kunywa, ndiyo tunayotumia nyumbani. Waulize wanaipata wapi na wanaitoaje. Kwa kawaida inatolewa kila baada ya saa nne, kwa saa, bila kusubiri mgonjwa alie: saa 12 asubuhi, saa 4, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na ya saa 4 usiku inaongezwa mara mbili ili alale mpaka kukuche. Yakichomoza katikati, kuna dozi ya ziada. Ukisikia "mpe akiumwa", ujue hawajafundishwa. Chupa lazima iandikwe jina la mgonjwa, nguvu ya dawa na tarehe. Na iambatane na dawa ya kulainisha choo tangu siku ya kwanza, kwa sababu morfini inafunga choo kwa karibu kila mtu. Nimekuta akina mama wameacha morfini si kwa sababu ya saratani, ni kwa sababu ya wiki mbili bila choo, na hakuna aliyewauliza.

La tatu ni la mama yako hasa. Huo mguu unaowaka moto ni maumivu ya mishipa ya fahamu. Morfini peke yake mara nyingi haiyamalizi, huwa tunaongeza kidonge kidogo cha amitriptilini usiku. Na saratani ya mlango wa kizazi ina tabia ya kubana mirija ya mkojo, figo zikachoka, morfini ikajikusanya mwilini. Kwa hiyo muguzi mzuri, kabla hajagusa chupa, atauliza: mkojo unatoka? kiasi gani? Anasinzia kupita kawaida? Misuli inashtukashtuka? Ukiona hayo, dozi inabidi iangaliwe upya na daktari. Wewe waache wazungumze halafu usikilize kama watauliza habari ya mkojo bila kukumbushwa.

La nne nitalisema kwa kifupi kwa sababu liko wazi. Dripu. Mtu anayeelekea mwisho haponi njaa kwa dripu, na maji yakizidi yanaishia kwenye kifua na miguu. Dripu ina mahali pake, lakini dripu ya kila siku kwa kila mgonjwa ni bili. Kadhalika anayekuuzia virutubisho, au anayekuambia "tutampandisha mpaka apone".

Ng'wana Shija

Mimi natofautiana kidogo na Sista, kwa heshima. Babu yetu alipoanzishwa morfini alilala siku mbili, siku ya tisa akafariki. Ukoo mzima unaamini ile dawa ndiyo ilimmaliza. Kwa nini mtu asivumilie na dawa za kawaida mpaka mwisho kabisa?

Sista Mstaafu

Ng'wana Shija, pole kwa babu, na ahsante kwa kusema wazi maana wengi wanabaki nalo moyoni. Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa husinzia. Mara nyingi ni mtu ambaye hajalala wiki tatu kwa maumivu, na mwili pia unaizoea dawa. Ikipimwa vizuri, ikianza kidogo na kupandishwa taratibu, haiui. Shida ni kwamba watu wengi wanaipata siku za mwisho kabisa, basi kifo kikija kinaikuta dawa mkononi. Ingeanza mapema, babu angekula na wajukuu mwezi mzima. Huduma shufaa inatakiwa ianze tangu ugonjwa unapogundulika, sambamba na matibabu mengine. Shirika la Afya Duniani linasema ni kama asilimia 14 tu ya wanaoihitaji duniani ndio wanaoipata, na hofu kama hii ni sababu mojawapo.

Hata hivyo, kwa mwanzisha uzi: muguzi mzuri ndiye angetakiwa kuieleza familia ya babu haya yote *kabla* ya dozi ya kwanza. Kama hawakuelezwa, hilo ni kosa la aliyewahudumia.

Bint Mvita

Pole sana kakangu. Niko Mombasa, huku Kenya wengi twasema huduma ya tulizo. Hospisi, yaani vituo vya huduma hii, zilianza kitambo, ile ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa mwaka 1990. Mamangu alihudumiwa nyumbani miezi mitano.

Mimi niliwajua ni watu wazuri siku ya kwanza, na haikuwa kwa dawa. Sisi watoto tulikuwa tumejaa mlangoni, kila mmoja anajibu kwa niaba ya mama. Yule nesi akavua viatu, akakaa mkekani karibu na kitanda, akamwamkia mama shikamoo, kisha akamwuliza yeye: "Mama, katika yote haya, lipi linakusumbua zaidi?" Sote tulidhani atasema maumivu. Mama akasema ni harufu. Alikuwa na kidonda na alikuwa amekataa majirani wasiingie kwa aibu, nasi twafikiri amechoka na wageni. Nesi akasaga vidonge vya Flagyl, dawa ya kuua bakteria, akavinyunyiza kwenye kidonda baada ya kukisafisha, akamfundisha dadangu. Baada ya siku chache harufu ilipungua sana. Ijumaa ile mama akaomba afungiwe leso mpya, akaita jirani zake wote.

Kuhusu damu, mamako ana ugonjwa ambao unaweza kutoka damu nyingi ghafla. Waulize wamekuandaa vipi kwa hilo. Sisi tuliambiwa tuweke karibu leso na taulo za rangi ya kiza, nyekundu iliyokolea au nyeusi, ili mgonjwa asitishike kwa kuona shuka nyeupe imeloa. Kitu kidogo, lakini aliyekuambia mapema ni mtu aliyeshaliona na akakufikiria.

Na jambo jingine: mama anajua? Daktari aliwaita wewe na dada. Yeye aliitwa?

Mtoto wa Korogwe

Bint Mvita, umenigusa. Hajaambiwa rasmi. Kaka alisema tusimwambie, atakata tamaa. Lakini juzi aliniuliza shamba la bondeni nitampa nani alime msimu ujao. Nadhani anajua kutuzidi sisi.

Bint Mvita

Basi hilo ndilo la kuwapimia. Waulize: mama akiwauliza "je, nitapona?" mtamjibu nini? Wakikwambia watamficha kwa sababu familia ndiyo inayolipa, hao ni wenu, si wake. Sisi nesi alimjibu mama kwa swali: "Wewe mwenyewe waonaje?" Mama akasema yote. Akatuita, akagawa vitu vyake, akaomba radhi kwa dadake ambaye walikuwa hawasemezani tangu harusi yangu.

Mpita Njia Kampala

Nachangia kidogo kutoka Uganda. Hospice Africa Uganda ilianza hapa mwaka 1993, na tangu 2004 sheria inawaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliosomea huduma hii kumwandikia mgonjwa morfini, ndiyo maana huku hata vijijini inafika. Morfini ya maji hapa hutiwa rangi kulingana na nguvu yake. Sasa usije ukachukua chupa ya mtu kutoka huku au kwingine ukakisia kwa rangi: soma nguvu iliyoandikwa. Mililita tano za chupa moja zinaweza kuwa mara kumi ya mililita tano za chupa nyingine.

Halafu muulize mtoa huduma anapimaje kazi yake. Kuna kipimo kilichotengenezwa na Chama cha Huduma Shufaa Afrika, makao yake yako hapa Kampala. Kina maswali kumi, saba ya mgonjwa na matatu ya anayemuuguza, yote kuhusu siku tatu zilizopita: maumivu, wasiwasi, kama ameweza kumwambia mtu anavyojisikia, kama ana amani. Kwa asiyejua kusoma tunatumia mkono. Ngumi maana yake hakuna maumivu, vidole vitano maana yake hayavumiliki. Kama wanauliza hivi kila ziara na kuandika, utaona mwenyewe kama mama anapata nafuu au wanapita tu.

Chapakazi

Hili la mkono ni zuri. Anza nalo leo hata kabla hawajaja, andika kwenye daftari asubuhi na jioni.

Mtoto wa Korogwe

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jumapili saa tatu na nusu usiku nilipiga simu sehemu zote mbili, makusudi. Kampuni ilipokelewa na kijana mstaarabu, akasema niache namba, ofisi inafunguliwa Jumatatu. Nilipopigiwa Jumatatu niliuliza habari ya morfini. Wakasema wao wana sindano za maumivu, morfini "tutaangalia ikifika huko". Hawakuuliza mkojo. Waliuliza kama kaka anaweza kulipa kwa benki.

Misheni simu iliita mara nne, akapokea mama mmoja, nikasikia mtoto analia nyuma yake. Nikaanza kujieleza, akanisikiliza, halafu akasema: "Bibi mwenyewe yuko macho? Kama yuko macho, nipe niongee naye." Nikampa mama simu. Waliongea dakika kama kumi. Nilikuwa nimetoka nje, niliporudi mama anamweleza habari ya mguu, vidole vinne juu hewani kana kwamba yule mama anaviona. Nilikuwa nimemfundisha asubuhi. Baadaye yule nesi aliniuliza mkojo unatokaje. Sista, nilitaka kulia.

Wasiwasi wangu ni kwamba wanapita mara moja kwa wiki tu.

Sista Mstaafu

Mara moja kwa wiki inatosha kama dawa iko ndani, simu inapokelewa, na wewe umefundishwa. Waambie ziara ya kwanza wasiondoke mpaka wakuone *wewe* ukipima dozi kwenye bomba la sindano lisilo na sindano, ukimgeuza mama, na ukimsafisha kinywa. Mgeuze kila baada ya saa mbili, mgongo na visigino uviangalie kila siku. Hela ya kaka haipotei: mtafutie mama godoro zuri, na umlipe mtu wa kukupokea usiku walau siku tatu kwa wiki. Wewe ukianguka, mama hana mtu. Mtoa huduma anayejua kazi atakuuliza pia kama umelala.

Waulize pia kama huja baada ya msiba. Timu nzuri hurudi kuwaona waliobaki.

Mtoto wa Korogwe

Nitawauliza. Kaka nimempigia, hakukataa, ila ameomba siku wakija aongee nao kwa video. Wanakuja Alhamisi saa nne asubuhi. Daftari nimenunua. Jana asubuhi vidole vinne, jioni vinne, leo asubuhi vinne na nusu, amekunja kimoja nusu. Khanga nyeusi dada anazo mbili, nyingine tunatafuta.